Risasi Ndefu kwa Bunduki ya Baba

Nilikuwa na ugonjwa wa kujua. Ukiniuliza njia nitakuelekeza hata kama sijapata kuipita, na ukikohoa nitakutajia dawa mbili kabla hujakohoa tena. Nyumbani wakinitania kwa hilo tangu udogoni. Nilipokuwa mtu mzima nikaingia kwenye timu ya kulenga shabaha ya kazini kwangu Nizwa, nikarudi na vikombe viwili, na ugonjwa ukazidi. Mama alivipanga juu ya kabati la sebuleni kwao Ibra, baina ya saa na sahani alizokuja nazo kutoka Unguja. Kila mgeni akija, baba alimwonyesha. Katika mambo ya bunduki hakuna mtu aliyenisikiliza kuliko baba yangu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Baba aliingia Oman kijana wa miaka ishirini na kitu, hana Kiarabu ila cha chuo cha Kurani. Kijiji cha babu zake kiko Dima wa Tayyin, ndani huko milimani, na watu wa huko ni ndugu zake wa damu, lakini wakimwita Mzinjibari, naye akiitikia. Hakujua kupanda mtende wala kuchunga mbuzi, na alikuwa akicheka mahala pasipochekwa. Mmoja tu ndiye aliyemchukua kama alivyo, binamu yake, mtoto wa ami yake, aliyemzidi miaka michache. Huyo alimpa mahala pa kulala, akampandisha majabalini, akamfundisha kulenga. Siku hizo walikuwa wakiwinda. Sasa uwindaji umepigwa marufuku, na umepigwa kwa haki, maana paa walikuwa wanakwisha. Kilichobaki ni shabaha ya Idi.

Siku ya tatu ya Idi wanaume wa ukoo hukutana kwenye wadi kavu, bonde la mto usio na maji, chini ya kijiji. Husimamisha kibao cheupe kadiri ya kiganja juu ya kipande kikubwa cha kadibodi, wakahesabu hatua mia mbili, wakatandika mkeka wa kulalia mwenye bunduki. Kila mtu ana risasi tatu. Hakuna zawadi. Mwenye kuipiga shabaha mwaka huu ndiye anayefungua mwaka unaofuata, na hutajwa kwenye mashairi kabla ya chakula. Baba amefungua miaka mingi mpaka wadogo wakidhani ni haki yake ya kuzaliwa. Mzinjibari walikuwa hawamwiti tena. Walimwita Mpigaji.

Bunduki yake ilikuwa ya kuwindia, ya zamani, ya risasi nyembamba. Aliinunua Nizwa sokoni kwa njia zote za sheria, kisha akampa sonara wa huko huko aitie pete tatu za fedha kwenye mtutu, kama wanavyopenda wenyeji. Ilipendeza kwelikweli. Pete ya kwanza, ile iliyo karibu na kitako, ilikaa juu ya maandishi madogo yaliyochongwa kiwandani. Hakuna aliyekumbuka tena yanasema nini.

Hapa lazima nieleze kitu, na nitajitahidi nisiwe mwalimu. Ndani ya mtutu mna mifereji iliyojisokota, na hiyo ndiyo inayoizungusha risasi ili iende sawa, kama pia ya mtoto inavyosimama kwa kuzunguka. Mitutu haisokotwi sawa. Mmoja huizungusha risasi duru moja kila inchi nane, mwengine duru moja kila inchi kumi na nne. Risasi fupi hutosheka na msokoto wa polepole. Risasi ndefu haitosheki, hutoka ikiyumba, halafu ikalala ubavu hewani na kwenda itakako. Kwa hivyo mtu hachagui risasi peke yake, anachagua risasi kwa mtutu wake. Haya nilifundishwa siku ya kwanza darasani, na kwenye mtihani niliyajibu vizuri.

Mwaka ninaousimulia, baba alikuwa na wasiwasi wa upepo. Mwaka uliotangulia risasi zake mbili zilisukumwa kando na ile ya tatu ndiyo iliyompa heshima. Nikaona hapa ndipo pangu. Nikamwambia risasi zake fupi ni nyepesi, zinachezewa na upepo, na sisi kazini tunatumia ndefu nzito zinazoukata.

"Hii bunduki mie nishaizoea na vijirisasi vyake," akasema. "Usiache mbachao kwa msala upitao."

"Baba, msala wenyewe haupiti, uko dukani. Nitakununulia mie, iwe zawadi yako ya Idi."

Akacheka. "Haya. Weye ndiye mwenye vikombe."

Tulikwenda pamoja, kwa sababu leseni ni yake na lazima atie sahihi mwenyewe. Akatia, goti likamuuma, akarudi kukaa garini kwenye kiyoyozi. Nikabaki na muuzaji, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimwonyesha boksi ninalolitaka. Akaligeuza, akasoma uzito, akaniuliza kwa Kiarabu mtutu wa bunduki una msokoto gani.

Nilikuwa sijui. Sikuwahi kupima, na maandishi ambayo yangenambia yamefunikwa na pete ya fedha. Lakini mzee yule alikuwa ananitazama kwa ule mshangao mdogo ambao mwanamke huupata katika duka la silaha, na nyuma yangu wamesimama vijana wawili wanasikiliza. Nikajibu papo hapo, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na swali jepesi, "Moja kwa nane." Huo ni msokoto wa bunduki zetu za kazini. Akaitikia kwa kichwa, akanifungia. Ningesema sijui, baba yuko nje na bunduki iko kwenye gari, fimbo ya kusafishia iko ukutani, tungepima kwa dakika tano. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wangeongeza kuwa kujibu ndiko kuliko na ujinga mara nyingi.

Bado palikuwa na nafasi ya kuokoka. Mtu yeyote anayelenga kwa dhati hujaribu risasi mpya kabla ya siku yenyewe. Lakini baba alikuwa na ada yake, ambayo sijui kama ni ya Dima au ya Unguja. Nadhani aliichanganya mwenyewe. Risasi za Idi hazifunguliwi kabla ya Idi, kama nguo ya Idi isivyovaliwa kabla ya asubuhi ya sala. Boksi hufunguliwa wadini, mbele ya watu, kwa bismillahi. Wiki nzima kabla ya hapo alifanya mazoezi na zile fupi zilizobaki, akapiga kila alicholenga, sote tukafurahi. Nilijua kuwa mazoezi yale hayasemi lolote juu ya boksi langu. Nilijua, na sikusema, kwa sababu boksi lenyewe nilikuwa nimelifunga kwa karatasi ya zawadi na utepe, na nilitaka watu waone linavyofunguliwa.

Siku ya tatu ya Idi sisi wanawake tulisimama upande wa magari, juu kidogo, tunaona vizuri. Baba akalala kwenye mkeka. Akafungua utepe taratibu, akaukunja, akautia mfukoni. Akapiga ya kwanza.

Nilisikia mvumo. Risasi iliyokwenda sawa haivumi vile. Hii ilivuma kama nyuki mkubwa, na kwenye kadibodi hapakutikisika kitu. Binti ami mmoja kando yangu akasema upepo. Ya pili ikachana pembe ya kadibodi, mbali kabisa na kibao. Ya tatu ikatimua vumbi kushoto, mahala ambapo hata mtoto hangelenga.

Binamu yake, yule aliyemfundisha, akamwinamia. Walikuwa wote wawili wazee sasa. Akamuuliza kwa sauti ya kutosha watu wasikie, ili ampe njia ya kutokea, "Ndugu yangu, pengine ni hizi risasi?"

Baba akainuka kwa mkono mmoja, akajifuta magoti. "La," akasema. "Risasi kachagua binti yangu, na yeye anajua. Risasi hazina ila."

Nilimsikia. Tulikuwa mbali lakini wadi inabeba sauti. Wakamchukua wakamkalisha kwenye hema la wazee, wakamwekea mto mgongoni, wakamtilia kahawa kabla ya wote. Mpaka siku ile alikuwa hajakaa hema lile.

Wanaume walipokwenda kufukua shuwa, nyama ya Idi iliyookwa shimoni, mimi niliteremka kwenye kadibodi. Tundu la risasi ni duara. Lile lililokuwa pembeni lilikuwa refu kama ukucha wangu, na unaona kabisa umbo la risasi iliyolala ubavu. Wenyewe walidhani ni kipande cha jiwe.

Alasiri tulirudi Ibra. Baba akanipa bunduki, akanambia niisafishe vizuri maana anataka kuifunga. Nikakaa nayo barazani. Nikakiviringisha kitambaa kwenye fimbo, nikatia alama ya kalamu, nikaisukuma ndani ya mtutu huku nikiiacha izunguke yenyewe, kama nilivyofundishwa. Fimbo ikaingia inchi nane, alama ndiyo kwanza imepita chini. Ikaingia kumi na nne ndipo ikarudi juu. Nikaisukuma tena, na mara ya tatu. Ilikuwa kumi na nne.

Niliinuka kwenda kumwambia. Hili nalisema si kwa kujitetea, ni kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: niliinuka, nikafika mpaka mlango wa sebule. Mama alikuwa anatoka, uso umemng'ara, akanishika mkono.

"Alhamdulillahi," akaninong'oneza. "Baba yako kakubali kuacha gari."

Miaka miwili tulikuwa tunamwomba. Barabara ya Dima ina kona na mawe, na wadi zikishuka maji hazina masihara. Kila Jumamosi alipanda gari lake la pikapu, peke yake, akaenda kwa binamu yake akashinda huko, na mama akashinda na simu mkononi. Tulikuwa tumemsihi, tumemgombeza, kaka yangu aliyeko Sur alifika kumfichia funguo. Hakusikia. Sasa kakubali mwenyewe.

Nikaingia. Baba alikuwa amekaa kwenye zulia, mikono juu ya mapaja.

"Nimeona shabaha," akanambia kabla sijasema kitu. "Nimeiona wazi, mwanangu, kama ninavyokuona weye. Na risasi ikenda kwengine. Basi haya macho yananidanganya. Ingekuwa naona kiza ningejua. Lakini naona vizuri na si kweli. Nitaonaje mbuzi barabarani?"

Neno lilikuwa mdomoni. Lilikuwa ni neno moja tu, kosa ni langu. Nikamtazama mama mlangoni, anavyonitazama kwa furaha. Nikawaza kwamba nitamwambia kesho, na kwamba haidhuru, na kwamba pengine Mungu kaleta kheri kwa njia ya kosa langu. Mtu akitaka kufunika aibu yake hupata dini haraka sana. Nikambusu mkono, nikasema, "Umri, baba. Sote tunakwenda huko."

Kesho haikufika. Wiki ya kwanza niliona haya. Mwezi wa kwanza niliona itakuwa ajabu kuanza upya. Baadaye nikaanza kuona raha, na hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu kimya changu kilikuwa na faida. Mama alilala vizuri. Bunduki ikaandikishwa kwa kaka yangu, naye akaifungia kabatini Sur. Na baba, ambaye hakuwa na ugonjwa wowote, akaanza kuishi kama mgonjwa. Akawa anashuka ngazi kwa kupapasa. Akawa ananiuliza rangi ya kanzu aliyovaa, hali anaiona, ili ahakikishe. Tulimpeleka kwa daktari wa macho, daktari akasema kwa umri wake macho ni mazuri mno, na baba akatoka nje akasema daktari mwenyewe ni kijana. Siku ile nilikuwa nimesimama pale pale kando yake. Sikusema.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Dima akawa anakwenda akipata wa kumpeleka, labda mara moja kwa miezi miwili, na Idi akakaa hema la wazee. Binamu yake alikuja Ibra mara chache, mpaka miguu ikamshinda. Wakawa wanazungumza kwa simu, kila mmoja anapiga kelele kwa sababu mwenzake hasikii.

Siku moja ya Jumanne baba alinipigia simu Nizwa, nikiwa kazini. "Ndugu yangu anaumwa," akasema. "Kaniita. Utaweza kunipeleka?"

Nilikuwa na kikao siku ya pili, na wageni siku ya tatu. Kaka yangu alikuwa kwenye zamu yake Sur, hawezi kutoka. "Alkhamisi jioni, inshallah," nikamwambia. "Nikitoka tu nakuja kukuchukua."

"Haya, mwanangu. Alkhamisi." Hakuninung'unikia. Alikuwa amekwisha kujifunza kungoja.

Binamu alifariki Jumatano alfajiri. Nilitoka Nizwa mbio, nikamchukua baba, lakini huko kwetu maiti hawekwi. Tulipofika, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini na udongo kwenye kanzu zao. Baba alishuka garini akasimama katikati ya njia, na watoto wa binamu yake wakaja mmoja mmoja kumpa mkono. Mkubwa wao akamwambia kwamba mzee aliuliza mara kadhaa kama Mpigaji keshafika, na wao wakimwambia yuko njiani.

Siku ya mwisho ya matanga nilikwenda kumrudisha Ibra. Ilikuwa mchana wa jua kali. Baba alikaa kando yangu, mikono juu ya mapaja, kama nilivyomwona siku ile ya Idi. Tulipita kona ya kwanza na ya pili. Nikasimamisha gari pembeni kwa sababu nilijua nikiendelea kuendesha sitasema tena maisha yangu.

Nikamwambia yote. Nikamwambia msokoto, risasi ndefu, swali la muuzaji na jibu nililolitoa, tundu refu kwenye kadibodi. Nilisema haraka haraka, na nikaona ninaeleza sana habari za inchi, kana kwamba akifahamu hesabu atanihurumia. Alisikiliza mpaka mwisho, uso umeelekea kwenye kioo cha mbele.

"Kwa hivyo macho yalikuwa mazima," akasema.

"Yalikuwa mazima, baba. Yako mazima hata sasa."

"Na weye ulijua lini?"

Hapo ningeweza kusema mwaka jana, au mwezi uliopita, naye angeniamini, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua. "Siku ile ile," nikasema. "Kabla ya magharibi."

Akatikisa kichwa polepole, mara nyingi. Lori la maji likatupita likatutikisa.

"Jumanne ndugu yangu alipopiga simu," akasema, "gari langu lilikuwa mlangoni."

Nikalia. Nikaushika mkono wake nikaubusu, nikamwomba anisamehe, nikamwambia anihalalishie, nikayasema yale yote anayoyasema mtu. Hakuuvuta mkono. Akaniwekea ule mwengine kichwani.

"Mie nimekusamehe," akasema. "Weye mwanangu, nitafanya nini tena. Lakini mwenzangu alikuwa ananingoja, na yeye umemkosea pia. Huyo sijui utamwomba wapi."

Nikasema najua, baba. Haikuwa kweli. Miaka mitatu nilikuwa nimehesabu deni kwa mtu mmoja tu, na mpaka aliponambia pale barabarani sikuwa nimemfikiria yule mwengine hata siku moja.